Haki ya Kuchagua Kwanza

Katika bonde lile, mwenye mbwa dume ndiye anayechagua mtoto wa kwanza. Halipwi kitu. Dume wake akishapanda, yeye husubiri watoto waachishwe ziwa, kisha huja, hukaa, huangalia mpaka aridhike, na huondoka na mmoja anayemtaka. Muda wote anapochagua, ni mwiko mtu kumwambia neno juu ya watoto wale. Si mwenye jike, si yule anayesubiri zamu ya pili, hata kukohoa kwa ujanja hakuruhusiwi. Akishatema mate kiganjani na kupigana kiganja na mwenye jike, basi mambo yamekwisha. Mbwa akija kuwa kilema, mwizi au mpumbavu, ni wake.

Wilf Alderson alikuwa ameshachagua kwa namna hiyo zaidi ya mara moja na hajawahi kujuta. Lakini safari hii ilikuwa ya mwisho, maana Moss, dume lake, alikuwa ameshafukiwa chini ya mti nyuma ya nyumba, na watoto wa jike la Kezia Gaskin ndio mbegu ya mwisho aliyoiacha.

Moss alikuwa lacha, yaani chotara wa mbwa wa mbio na mbwa wa kondoo, miguu ya baba na akili ya mama. Watu wasiojua hudhani kazi ya lacha ni kukimbiza sungura. Kukimbiza hata mjinga anaweza. Kazi yenyewe inakuja kabla ya mbio. Mwindaji hufika na nyavu zake na kicheche wa kufugwa ndani ya sanduku, na kilima kizima kimejaa mashimo. Mbwa hupita shimo hadi shimo, ananusa, halafu anasema: hapa wamo, hapa hawamo. Palipo na sungura ndipo kicheche anaposhushwa awatoe. Na mbwa huyo lazima aseme kwa mwili tu, kwa mguu ulioinuliwa na mkia uliokakamaa. Mbwa anayelia au kubweka hafai hata kwa bure, kwa sababu sungura akimsikia juu yuko radhi aumwe na kicheche kuliko kutoka.

Wilf alihitaji mbwa wa namna hiyo kuliko mwindaji yeyote wa bonde lile, na sababu alikuwa anaijua peke yake. Masikio yake yalikuwa yanakufa. Zilianza kupotea sauti nyembamba, za ndege, mluzi, birika. Sauti ya mkewe nayo ilikwenda, na katika mwaka wa mwisho wa maisha ya mkewe huyo, Wilf alidhani amenuna. Hilo lilimuuma mpaka leo. Wanaume bado aliwasikia kama watu wanaoongea ndani ya gunia, na iliyobaki aliimalizia kwa kuwatazama midomo. Zamani alilaza sikio kwenye nyasi akasikia sungura wakitimka huko chini. Sasa ardhi ilikuwa kimya, na Moss ndiye aliyekuwa akisikiliza kwa niaba yake. Msimu wa baridi ukija bila mbwa mkweli, wenye mashamba wangeona nyavu zake zinakaa tupu, na wangempa kazi mtu mwingine. Huyo mwingine alijulikana.

Alikuwa Clem Tallentire, mwanamume wa makamo mwenye taya kubwa na gari jipya la mizigo, mwindaji naye. Wilf hakumpenda. Kwanza alikuwa na tabia ya kuja kujisimamisha mbele ya uso wako anapoongea, karibu kabisa, kama mtu anayetaka kukopa. Pili, baa nzima ikicheka kisa cha Duchess, yeye ndiye aliyecheka kwa nguvu kuliko wote.

Duchess ni kicheche wa Wilf. Msimu uliopita alizamia chini kwenye mteremko wa Bibi Hird, mmoja wa wenye mashamba, na hakutoka. Wilf alikaa juu ya shimo, akachimba, akangoja, mpaka akakata tamaa. Alipokwenda kuchukua sanduku arudi nyumbani, akamkuta Duchess ndani, amejikunja, usingizi mzito, na mfuniko umefungwa kwa komeo lake la mbao. Kisa hicho alikisimulia popote, akikitia chumvi kidogo kila mara. "Mzee," Clem alikuwa akimwambia, "kicheche anayejifungia mlango mfundishe na kupika chai." Watu walicheka, na Wilf alicheka nao, lakini moyoni lilikuwa linamsumbua kweli. Mara nyingi alikaa jikoni na sanduku mapajani, akifungua komeo na kulifunga, akijiuliza mnyama asiye na vidole amewezaje.

Jumamosi ya kuchagua, asubuhi, Wilf alifika kwa Kezia na sanduku lilelile, pamoja na mfuko wenye vyungu vya maua na ngozi ya sungura. Ukoo wa Kezia ulizunguka nchi na farasi na magari ya kukokotwa tangu enzi za mababu. Yeye alikuwa ametulia kando ya barabara ya chini, ila gari la bibi yake bado lilikuwa uani, limepakwa rangi, na jike lake alikuwa amefungwa kwenye gurudumu.

"Umechelewa, Wilf! Nilishaanza kukulilia!" alisema Kezia.

"Ulinililia au ulishaanza kupiga hesabu ya nyavu zangu?"

"Nyavu zako zina matobo mengi kuliko soksi zako. Ingia."

Clem alikuwa langoni, maana zamu ya pili ilikuwa yake. Akaja kusimama palepale anaposimama siku zote, pua kwa pua. "Habari za asubuhi, mzee wangu. Leo jitahidi uchague vibaya, na sisi wengine tuambulie kitu."

"Sogea huko, unaniziba jua."

Clem akasogea. Kezia akapitisha vidole viwili mdomoni, ishara kwamba midomo imefungwa, na ua ukawa kimya. Kwa Wilf haikuwa tofauti kubwa.

Akakalia ndoo iliyofunikwa na kuanza kutazama. Hapa ndipo alipokuwa na raha kuliko mahali popote duniani, na hata hofu yake aliisahau kidogo. Watoto walikuwa watano. Watu wengi huchagua anayewakimbilia kwanza, na watu wengi wana mbwa wa ovyo. Anayekukimbilia wewe kwanza atamkimbilia na mleta barua. Wilf alitaka kujua kilichomo kichwani. Kila mtoto anashangaa nini? Anarudia kukitazama mara ya pili? Akianguka anamlaumu nani?

Akapanga vyungu vyake kifudifudi, ngozi ya sungura chini ya kimoja tu, akawaachia watoto mmoja mmoja. Wa kwanza alikojolea chungu. Wa pili alikipindua akakimbia navyo vyote viwili, chungu na ngozi, ikabidi Kezia amfukuze kuzunguka gari, na Clem akageuka ukutani mabega yakimtikisika. Wa tatu, dume wa rangi ya mchanga mwenye soksi nyeupe mguuni, alikwenda moja kwa moja penye ngozi, akasimama, mkia umenyooka. Wa nne alilala. Wa tano, jike mwenye michirizi myeusi, alikwenda taratibu kama mtu anayenunua viazi. Alinusa cha kwanza, akanusa cha pili, cha tatu, kisha akarudi kwenye kile chenyewe na kuinua mguu.

Wilf alimwona yule jike. Lakini ile soksi nyeupe ilikuwa ya Moss, mguu uleule, na moyo wake ulikuwa umeshakwenda. Akambeba dume. Kifua kizuri, miguu mizuri. Akamsogeza kwenye sanduku alimokuwa Duchess, na mtoto akamlamba pua bila hofu wala ubaya. Ungetaka nini tena? Wilf akatema mate kiganjani, akainua mkono kumwelekea Kezia.

Na Kezia alikuwa anatazama mawingu.

Kezia hakuwa mtu wa mawingu. Wilf akamtazama Clem. Clem alikuwa anakagua viatu vyake, shingo imemwiva. Kule kwenye gurudumu, mama wa watoto alikuwa amesimama, masikio yamelala nyuma. Wilf akamweka dume chini, na mama akakaa. Akambeba tena, mama akasimama, na bata wa Kezia wakageuza shingo zote pamoja. Akamweka. Akambeba. Jambo hili lilimpendeza kwa ajabu yake, kama mtu aliyeona taa ikiwaka bila swichi. Mdomo wa mtoto ulikuwa umefungwa. Wilf akamwekea kidole gumba chini ya taya.

Koo lilikuwa linatetemeka, kama mfuniko wa birika karibu na kuchemka.

Mtoto alikuwa analia. Analilia puani, mdomo umefumbwa, na pengine alianza tangu alipobebwa, na ua mzima ulikuwa unamsikia isipokuwa yeye.

Aibu ilimpanda mpaka usoni, halafu ikaja hofu. Mkono wenye mate bado ulikuwa unangoja. Akiupiga kwenye kiganja cha Kezia, siri inabaki siri, na yeye anakwenda nyumbani na mbwa atakayewatangazia sungura wa bonde zima. Angeweza kusingizia kwamba miguu ya dume haimpendezi, achukue mwingine. Lakini mwingine yupi? Asiyelia angemjuaje? Njia ilikuwa moja tu, kuwashika makoo mmoja baada ya mwingine, mbele ya Clem Tallentire, ambaye kabla ya chakula cha mchana angekuwa jikoni kwa Bibi Hird akimwaga mtama.

Mate yalianza kukauka kiganjani. Wilf akaufuta mkono kwenye suruali.

"Kezia," alisema, na hakujua ameisema kwa sauti kubwa kiasi gani, "mpeleke mama yao nyuma ya gari. Nataka wasimwone."

Kezia akamfungua mama, akampeleka. Wilf akapiga magoti kwenye matope, akamchukua mtoto wa kwanza, akaweka vidole kooni na kufumba macho. Ulikuwepo mtetemo. Wa pili, mtetemo na nusu. Aliyelala aliamka ili naye atetemeke. Wilf hakumtazama mtu. Alihisi wamemkodolea macho na akaendelea, kwa sababu katikati ya aibu hiyo alitaka kujua, alitaka sana.

Jike mwenye michirizi akawa wa mwisho. Kooni palikuwa kimya. Wilf akafikiri vidole vyake navyo vimeanza kufa, akabonyeza kidogo. Kimya. Lakini mwili mzima wa mtoto ulikuwa umegeuka kuelekea nyuma ya gari, pua, masikio, mguu mmoja wa mbele umeinuka, na Wilf akijaribu kumgeuza upande mwingine, anarudi palepale. Alikuwa anasema kwa mwili: mama yuko kule. Nimekwambia, yuko kule. Wilf alihisi machozi na hakuyazuia.

Kezia aliporudi alikuta mkono unamngoja, umetemewa mate upya. Kofi lililia, au Wilf alidhani limelia.

"Mungu wangu, nilikuwa napasuka!" Kezia akashika kiuno. "Yule dume amelia tangu ulipomgusa, analia na wewe unamsifia kifua! Nikasema, huyu babu amerogwa?" Akamtazama vizuri. "Wilf. Tangu lini?"

Wilf alikuwa ameyaona maneno hayo mdomoni mwake. "Miaka kadhaa. Sauti nyembamba zote zimekwenda, na nzito zinafungasha." Akamgeukia Clem huku akimwingiza mtoto ndani ya koti. "Haya, kijana. Umepata. Nenda kawaambie wenye mashamba, Alderson ni kiziwi. Anza kwa Bibi Hird, anakaanga mapema."

Clem akatoka pale langoni. Akavuka ua, akaja, akasimama mbele ya uso wake, karibu kabisa, jua likimpiga usoni. Akaongea polepole.

"Nikawaambie nini? Mimi najua tangu msimu uliopita."

"Unajua nini?"

"Siku ile kwa Bibi Hird. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta na nyavu zangu. Kicheche wako alitokea shimo la juu, nyuma yako kabisa. Nikakuita. Nikapiga mluzi. Nikakuita tena mpaka kondoo wakakimbia. Wewe umeinama unachimba tu." Clem akakwaruza taya. "Nikaruka ukuta nikamshika, nikamrudisha kwenye sanduku."

Wilf alitazama midomo ile kama anayesoma maandishi madogo. "Na komeo?"

"Nilifunga mimi, mzee. Ningeacha wazi atoke tena?"

"Mwaka mzima unanicheka kwa kile kisa!"

"Ulikuwa unakisimulia vizuri. Na ningekwambia nini? Ungesema nisogee, nakuziba jua."

Kezia alijigeuza kuwahesabu bata wake. Ndani ya koti, mtoto alizunguka mara moja, akapata mahali, akatulia bila sauti. Wilf alikumbuka sokoni, na mlangoni mwa baa, na kaburini mwaka huu, siku ya kumzika mkewe, kila mahali jitu lile limemsimamia mbele ya pua, limegeuzia uso kwenye mwanga, na yeye anatafuta pa kupita.

Clem aliona amemaliza. Akapiga hatua kwenda kwa watoto, zamu yake ilikuwa imefika.

Wilf akamshika mkono wa koti. "Simama hapohapo," alisema. "Rudia ile ya kondoo."