Ruhusa ya Kengele

Wakili wako msumbue, hata akuchoke. Mama mmoja hakumsumbua wake, na sasa hana wa kumlaumu.

Mwanawe alishikwa, akidaiwa kuvunja duka saa nne asubuhi, na saa nne hiyohiyo alikuwa bungeni, kwenye viti vya wageni, amelala fofofo. Bawabu wa ukumbi, mzee ambaye wenzake walimwita Kengele, alimgutusha mara mbili kwa kukoroma. Shahidi si huyo? Mama akashusha pumzi. Tangu siku ya kwanza Kengele alimwonya kwamba mtumishi wa bunge hatoi ushahidi wa mambo ya ukumbini mahakamani mpaka wabunge wampigie kura ya ruhusa, kwa hiyo wakili aombe mapema. Mama akamwona wakili ana mafaili hadi kidevuni, akaona haya kumsumbua. Wiki tano zikapita.

Ombi likafika siku ya kufunga bunge, likawekwa mkiani, nyuma ya hotuba za kuagana. Kesi ilikuwa Jumatatu.

Zamu ya ombi ilipofika, spika alihesabu vichwa, havikutimia idadi ya kupiga kura. Akaamuru kengele ipigwe kuwaita waliotoka. Na mpigaji ni nani kama si bawabu mwenyewe? Akagandamiza kitufe, jengo zima likalia. Mama akawakimbilia wabunge koridoni, mmoja mmoja, wameshika mabegi. Mmoja akamwambia gari linamngoja. Mwingine akampigapiga bega.

"Tukirudi, mama."

"Mnarudi lini, baba?"

"Miezi mitatu haiko mbali."

Walipungua wanne tu. Spika akafunga bunge, akatoka kwa mlango wake, na kengele bado inalia.

"Iache, mzee," mama akamwambia. "Wameshaondoka."

"Najua, mwanangu. Kidole ndicho kinachokataa."

Jumatatu Kengele alikuja mahakamani, sare imenyooshwa. Hakimu akaulizia barua ya ruhusa. Hakuna. Wakili akaomba kesi ingoje bunge lirudi, hakimu akasema wiki tano zilitosha. Kengele akaambiwa akae, akakaa, kofia mapajani, macho sakafuni.

Kijana alisomewa kifungo cha miaka mitatu. Alipopitishwa na pingu karibu na benchi lao, alisimama kidogo.

"Mama, huyu si ndiye aliyeniamsha? Mbona hasemi?"

Askari akamvuta.