Mikono Miwili ya Kushoto

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na hata leo ukimuuliza hakatai. Mtaani walimwita Chapuchapu, maana mkasi wake ulikuwa umeshapita kwenye kitambaa kabla mteja hajamaliza kueleza anataka nini. Basi akalikata gauni la mkunga mstaafu likatoka na mikono miwili, yote ya kushoto.

Kosa lenyewe ni la kifundi. Kitambaa kilikuwa na maua upande mmoja tu, hakigeuziki. Unachora mkono wa kwanza kwa karatasi ya kipimo, kisha unaigeuza karatasi ndipo uchore wa pili. Chapuchapu alichora wa kwanza, simu ikalia pembeni ya mkasi, akacheka na video ya mbuzi aliyepanda juu ya gari, akaitumia kwa watu sita, akarudi, akachora wa pili. Karatasi ililala vilevile.

Dada yake, mwenye karakana, hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliweka vipande viwili mezani, akavitazama, akamtazama yeye.

"Mdogo wangu, huyu mama ana mikono mingapi ya kushoto?"

"Dada, ni bahati mbaya."

"Na ile suruali ya mifuko juu chini, nayo ilikuwa bahati? Nakupa mwezi mmoja. Ukiharibu tena, meza ya kukatia naichukua. Utashona vifungo."

Meza ile aliisubiri miaka minane, akipiga pasi za watu na kuokota pini sakafuni. "Nakuapia, kuanzia kesho simu siigusi!"

"Viapo vyako navijua. Vinaisha kabla ya chai."

Mkunga alipokuja, Chapuchapu alimweleza mwenyewe, jasho likimtoka. Kitambaa kingine hakikuwepo. Njia iliyobaki ni kukata mkono mfupi wa kulia kutoka kwenye ule uliozidi, na wa kushoto kuufupisha ulingane nao. Mama wa watu akacheka mpaka akashika kiti. "Kata, mwanangu. Joto lenyewe hili."

Kesho yake alikuta dada ameigeuza meza. Badala ya kutazama dirisha na wapita njia wote, sasa ilitazama ukuta mtupu. Simu ikahamia kwenye droo ya cherehani ya dada, mwisho kabisa wa chumba. Na kabla ya mkasi kugusa kitambaa, sharti aweke kiganja juu ya karatasi na kutamka kwa sauti: "Huu kushoto. Nimegeuza. Huu kulia."

Wiki ya kwanza mkono wake ulikuwa ukipapasa mfuko mtupu kama mtu aliyeibiwa. Siku moja akanyata hadi kwenye droo.

"Unatafuta nini?" dada akauliza bila kuinua macho kutoka kwenye sindano.

"Maji."

"Maji yako yamo kwenye droo yangu?"

Akarudi mezani, akachukua chaki. Wiki ya tatu, aliinua kichwa akakuta asubuhi imekwisha, na sare sita za wauguzi zimekatwa, kila moja na mkono wake wa kulia na wa kushoto. Hakuwa amegeuka malaika. Njia ya kwenda kwenye simu ilikuwa ndefu tu, na njia ya kwenda kwenye chaki fupi. Jioni ile alimpikia dada yake chai mwenyewe, akamtilia sukari vijiko viwili. Dada akainywa yote.

Mwezi ulipoisha, mkunga akarudi na kitambaa kipya, cha harusi ya bintiye. "Akate huyuhuyu," alisema. Dada akamtazama ndugu yake, kisha akasogea kando kumpisha mezani.

Chapuchapu akaweka kiganja. "Huu kushoto. Nimegeuza. Huu kulia." Mkasi ukapita.

Fundi viatu wa jirani, aliyekuja kuazima uzi, akaangua kicheko. "Mwanamume mzima unasoma kama darasa la kwanza! Na simu umenyang'anywa! Mwenye nidhamu simu inalia kifuani, na hashtuki."

"Jirani, mimi nguvu hizo sina," Chapuchapu akasema akiendelea kukata. "Nashukuru dada kalijua hilo mapema."

"Hiyo si nidhamu, ni kufungiwa! Waondoe ukuta na droo, tuone umebaki na nini. Au nadanganya, mama?"

Mkunga alikuwa akipapasa ule mkono wa kulia uliokwisha kukatwa. Akaukunja taratibu, akauweka mapajani.

"Fundi, wewe nilikupokea mimi ulipozaliwa, na mlango niliufunga kwa komeo nisivurugwe kazini. Au ungependa ningeuacha wazi, mtaa mzima uchungulie, ili mama yako aone nilivyo na nidhamu?"