Stoo ya Mwalimu

Mwalimu alikuwa mwanamke mkweli kupita kiasi, na ukweli huo ndio uliokuwa unamfilisi. Alipostaafu alifungua duka la vifungo, uzi na lastiki kwenye kichochoro chenye maduka saba ya namna hiyohiyo. Mteja akiulizia zipu nyekundu, yeye humjibu, "Sina, mwanangu. Jaribu kwingine." Basi, huyo kaondoka. Maji yalikuwa yamemfika shingoni: Ijumaa ilikuwa amrudishie mwenye nyumba ufunguo.

Kilichomuuma zaidi ni majirani. Wao kwa wao waliingiliana kwa milango ya nyuma kutwa nzima. Kwake walipita tu na heshima zao. "Shikamoo, Mwalimu." Basi.

Jumatano asubuhi jirani wa pili, jitu la miraba minne waliloliita Kijiti, likaingia kwa mlango wa nyuma bila hodi wala salamu, likachukua boksi la vifungo vya lulu kwenye rafu, likatoka.

Mwalimu akapanda mori. Miaka thelathini na tano darasani, hakuna aliyethubutu kumgusia hata chaki. Akamfuata mbio, akamkuta dukani kwake anamwambia bibi harusi mtarajiwa, bila haya, "Hivi hapa, dada. Vilikuwa stoo."

"Stoo ya nani?" Mwalimu akafoka.

Fundi cherehani aliyeshona pale mlangoni akamvuta kando. "Mwalimu, usimuumbue," akamnong'oneza. "Hapa hakuna anayesema sina. Mteja unamkalisha, unapitia nyuma, unachukua kwa jirani, jioni mnamalizana."

"Mbona hamkuniambia?"

"Nani amfundishe Mwalimu? Na wewe hukuwahi kuja kuchukua kitu kwetu, tukadhani unajivuna. Jana tuliposikia unafunga, Kijiti akasema liwalo na liwe, anakwenda kukuibia."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walimnyima mgeni wao jembe miezi minne, kisa heshima. Heshima nayo ikizidi ni balaa.

Mwalimu akarudi ndani. Kijiti jasho linamtiririka.

"Mama, ulikuwa unauliza nini?" bibi harusi akasema.

"Stoo ya nani imewekwa vizuri kama ya Kijiti?" Mwalimu akajibu, uso mkavu. "Mimi mwenyewe huwa naionea wivu." Ulikuwa uongo wake wa kwanza dukani, na ulimnogea.

Habari zikasambaa kabla vifungo havijafungwa kwenye karatasi. Kufikia saa nane mlango wa nyuma ulikuwa haufungiki. Huyu kabeba uzi, yule lastiki, mwingine kampita Mwalimu kama hamwoni, kachukua utepe wote wa bluu. Hakuna aliyempa shikamoo. Mwalimu akasimama katikati ya rafu zilizobaki nusu, machozi ya furaha yanamtoka, akampigia simu mwenye nyumba kumwambia ufunguo harudishi.

"Kwani biashara imechanganya?"

"Bado," Mwalimu akasema. "Lakini majirani wameanza kuniibia."