Mgomba Kwenye Sanda

Jumamosi mchana Mwanamkuu alikuwa ananisuka. Akaongeza sauti ya televisheni, akaniambia nitulize kichwa, maana marudio ya tamthilia iliyopigwa kisiwani kwetu yalikuwa yanaanza. Saluni yake inatazamana na stendi ya Kibiti ninapouza korosho, na tamthilia ile anaijua nje ndani. Damu unayoiona ni juisi ya rozela. Mama mkwe mkorofi na mkaza mwana wake, nje ya kamera, ni mashoga wa kula sahani moja. Na Mzee Kitwana, anayezikwa leo, hayumo kwenye jeneza.

"Mle ni mgomba, Mama Korosho," akasema. "Waliukata kulekule delta, wakauvisha sanda."

Nikacheka. Bado nilikuwa na cheko.

Wanaume wakatoka na jeneza, wanawake uani wakaangua kilio. Niliwajua wote, ni majirani zangu. Mbele alikuwa wifi yangu Hajira, kajifunga kanga kiunoni, mikono kichwani. Nikasikia anayemlilia, na hakuwa Kitwana. "Mashaka! Mwanangu Mashaka, umetuacha na nani?" Nyuma yake, chini kwenye mchanga, Zuhra mkwe wangu amejifunika shuka jeupe kama mjane.

Mashaka ni mwanangu mimi. Alikwenda kukata mikoko, mtumbwi ukakutwa umepinduka, yeye asionekane, wala nguo yake, wala panga lake. Wengine wakasema mamba, wengine wakasema bahari. Mimi nikasema kavuka kwenda Msumbiji, kama alivyokuwa akisema kila mikoko ikimchosha, na atarudi. Nikakataa matanga. Kumwekea matanga mtu aliye hai ni kumchuria, na asiye na maiti wa kunionyesha asiniletee habari za kifo. Ndiyo sababu nikahamia Kibiti. Mabasi ya kusini yanasimama hapa, na siku atakayoshuka nataka wa kwanza kumwona niwe mimi. Hapa mjini sikumweleza mtu. Wananijua kwa korosho tu.

"Huyo Mashaka ndiye siri yenyewe," Mwanamkuu akasema, mkono mmoja kwenye nywele zangu, mwingine kwenye simu. "Watu mtandaoni wanachambana. Kuna wanaosema ni mtoto wa nje wa Mzee Kitwana, atakuja msimu wa pili kudai urithi. Wengine wanasema pacha. Mwongozaji kaulizwa redioni, akacheka, akasema alilificha lile jina makusudi, watazamaji wawe na subira."

Makusudi! Mtu hajui mwanangu ni mrefu au mfupi, anajisifu kwamba kamficha makusudi. Nikanyanyuka, nywele zimesukwa upande mmoja tu, nikajitupia mtandio nikatoka, Mwanamkuu ananiita na kitana mkononi.

Nilishuka Nyamisati, nikapanda boti ya kwenda kisiwani. Njia nzima nilikuwa nayapanga matusi, nikiyatoa haya na kuyaingiza makali zaidi. Nchi nzima imekaa kwenye makochi inamtazama mwanangu akililiwa, inatafuna bisi.

Hajira alikuwa anaanika uduvi mbele ya nyumba.

"Karibu, wifi."

"Sikuja kukaribishwa. Nani kakuruhusu kumlilia mwanangu?"

Hakujifanya hajui, na hilo likanizidishia hasira. Alijifuta mikono taratibu.

"Walitaka tulie kwenye jeneza lisilo na mtu," akasema. "Nawe wajua huo ni uchuro. Kilio cha bure hakirudi kwao Dar, kitabaki humuhumu kutafuta mwenyewe. Kila mmoja akamtazama mwanawe. Tukaambizana, kama ni lazima tulie, tumlilie wetu, yule tuliyekatazwa. Nao walituhakikishia sauti zetu watazitoa, waweke muziki."

"Kwa hiyo mkaogopa kuwachuria wenu, mkamchuria wangu."

"Wako? Ni mwana wa kaka yangu. Nimembeba mgongoni huyo. Umetufunga midomo kisiwa kizima, wifi, tukisema Mashaka sharti tuseme yuko Msumbiji. Na huyu binti wa watu umemwacha hana mume, hana eda, mwaka unaingia mwaka unatoka. Mbona yeye humwonei uchungu?"

Zuhra alikuwa amesimama mlangoni na upawa mkononi. Nikamgeukia.

"Na wewe? Umelipenda sana lile shuka, eti? Umeona wenzako wanaigiza na wewe ukaigiza?"

"Mama," akasema, "mimi sikuigiza."

Hapo ningeweza kumpiga. Badala yake nikauliza mgomba wao umezikwa wapi, nikachukua jembe lililoegemea ukuta. Nilitaka kuung'oa na kuuburuta hadi uwanja wa msikiti, kila mtu aone ni kitu gani alichokililia, na waseme kwa vinywa vyao kwamba hakuna aliyekufa. Hajira aliniambia mwanamke hachimbi makaburini. Nikamwambia hilo si kaburi, ni shimo la watu wa televisheni.

Lilikuwa nyuma ya minazi, karibu na maji. Wenye kamera walikuwa wameondoka zamani, wameacha vipande vya kamba na chupa tupu. Lakini tuta lenyewe lilikuwa safi, limefagiliwa, halina hata jani. Nikamtazama Zuhra, aliyenifuata pamoja na Hajira. Akatazama chini.

Nikachimba. Udongo ulikuwa tope, haukunipinga. Nikachimba huku nikiwatukana wote, mwongozaji, Hajira, wanaume waliobeba lile jeneza na nyuso za msiba, mpaka jembe likavuta kitambaa. Nikalitupa, nikapiga magoti. Sanda ilikuwa imegeuka rangi ya kutu. Nikalipata fundo la upande wa kichwa, nikalishika.

Ilibaki kuvuta tu. Nilijua ndani mna mgomba. Mwanamkuu kaniambia, Hajira kaniambia, kisiwa kizima kiliuona ukikatwa. Mwenye mwana aliye hai angelifungua lile fundo huku anacheka.

Mkono ukakataa. Nikajiambia vuta, ukakataa. Niliogopa kuuona uso.

Basi nikakaa mle shimoni na miguu kwenye tope, nikajua nilichokuwa nakijua tangu siku walipouvuta ule mtumbwi ufukweni. Nikalia. Sikulia kama wale wa kwenye televisheni. Nililia vibaya, kwa kelele, bila maneno. Minazi ikajaa watu na hakuna aliyethubutu kusogea.

Nilipoishiwa sauti nikaanza kurudisha udongo kwa mikono. Hajira akainama kunisaidia. Nikamwambia atoe mikono yake hapo, mimi na yeye hatujamalizana. Akarudi nyuma. Zuhra alipoinama sikumwambia kitu. Tulifukia pamoja, tukalisawazisha tuta, naye akalifagia kwa kuti la mnazi kama alivyozoea.

"Nenda kaoge," nikamwambia. "Uvae shuka lako. Eda yako inaanza leo."

Kisha nikauliza nani ana mchele, maana watu watakuja kwenye matanga na nyumba yangu ya huku haina kitu.