Kalamu ya Hajati Sindano

Wapo watu wanaoweza kuugeuza hata mchezo kuwa ripoti ya polisi, na Koplo Kidega ndiye mwenyekiti wao. Jumamosi ile alikuja na daftari kubwa, akaliweka mezani kabla hata hajatusalimia. Moyo ukaniambia: Maimunah, leo kuna mtu wa kuandikwa, na mtu huyo ni wewe.

Tunachezea mtaa wa Katwe, chumba cha nyuma cha karakana ya Abdul-Latif, ambaye siku nyingine zote anaunga madirisha na mageti ya chuma. Mchezo wetu ni wa kusimulia. Kila mmoja ana mtu wake kwenye karatasi, mwenye jina, kazi na silaha. Abdul-Latif anasimulia mapango na mazimwi waliomo, sisi tunasema watu wetu wanafanya nini, na dadu inaamua nani kapata na nani kakosa. Dadu yenyewe ina pande ishirini. Aliichonga mwenyewe kwa tupa kutoka kwenye kipande cha alumini, na pande mbili tatu hazilingani, lakini ni yetu. Mazimwi ni vipande vya nondo vilivyobaki kazini. Tunacheza kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha pekee inayotufaa wote, ingawa kila mtu anacho chake.

Kidega, mtu wa Gulu kule kaskazini, ni karani wa kituo cha polisi, na mtu wake ni Kapteni Nyundo, askari aliyevaa chuma toka utosini hadi kisiginoni. Joska anauza vitunguu soko la Kalerwe, na mtu wake ni Mama Radi, mchawi wa kurusha umeme. Kakule ni Mkongomani anayepakia mizigo bandari ya Port Bell, mtu mpole kabisa, kwa hiyo mtu wake ni mwizi anayeitwa Kivuli. Mimi nashona sare. Babu yangu alikuja na jeshi la Wanubi, na nyumbani kwetu Kiswahili tumekizungumza tangu enzi zake, kwa hiyo msinifundishe. Mtu wangu ni Hajati Sindano, tabibu. Nina miaka mitatu naye.

"Mama Maimunah, usikasirike," Kidega akasema, akifungua daftari. Mtu akianza hivyo, mimi huwa nimeshakasirika. "Mimi nimefanya uchunguzi. Nimeangalia kila kazi inapiga adui namna gani kwa raundi moja. Kapteni Nyundo, majeraha tisa. Mama Radi, kumi na moja, lakini anachoka haraka. Kivuli, saba, na kama adui amegeuka, kumi na nne. Tabibu, moja."

"Moja na nini?"

"Moja tu, mama."

Hakudanganya, na hilo ndilo lililoniuma. Silaha ya Hajati Sindano iko kwenye kadi aliyoiandika Abdul-Latif kwa mkono wake: *Kalamu ya Amani*. Kila zamu yangu ikifika nasema, "Nachoma na kalamu," na Abdul-Latif anajibu, "Moja." Nimeshawadunga kwa kalamu ile popo, majoka, na jitu moja lenye vichwa viwili ambalo lilibidi nipande kiti nionyeshe nilivyolifikia.

"Haba na haba hujaza kibaba," nikasema.

"Kibaba cha raundi mia, mama. Sisi tunakufa raundi ya sita."

"Mkifa, nani anawatibu?"

"Hiyo ndiyo sababu." Akainua kalamu yake kama mwalimu. "Kama sisi wote tunapiga kwa nguvu, adui anakufa mapema. Adui akikufa mapema, sisi hatuumii. Kama hatuumii, tabibu ni wa nini?"

Ni akili za namna hii zinazompandisha mtu hadi ukoplo na kumwacha hapohapo.

Pendekezo lake lilikuwa hili: tufanye jaribio. Mazimwi thelathini, raundi kumi, watu wetu wote wanne vitani. Kila jeraha linaandikwa. Raundi ya kumi ikiisha, atakayekuwa wa mwisho anastaafu moja kwa moja, karatasi yake inachanwa, na mwenyewe anachukua mtu mpya. Akatoa karatasi iliyokwisha kuandaliwa: mpiga upinde. Alikuwa ameshamchora hadi podo la mishale mgongoni.

Nikamtazama Joska, Joska akatazama kucha zake. Nikamtazama Kakule, akasema kwa huruma, "Mama, mpiga upinde iko muzuri. Iko mbali na damu." Wote walikuwa wameshasoma lile daftari bila mimi.

Sitaki kuficha kitu hapa. Nilitaka kulia. Wiki nzima napima viuno vya watu wanaonisema kwa suruali ambazo wao wenyewe wamezinenepea. Jumamosi naingia chumba kile na mimi ni Hajati Sindano, na watu wakianguka wanaita jina langu. Mpiga upinde angeitwa na nani?

Lakini mimi sikimbii. "Panga mazimwi wako," nikamwambia Abdul-Latif.

Akapanga nondo thelathini mezani. Tukarusha dadu kujua nani atangulie, na mimi nikapata kumi na nane, kwa hiyo zamu ya kwanza ikawa yangu. Nikavuta pumzi. "Nachoma na kalamu. Yule mfupi wa mbele."

Dadu ikakubali. "Moja," akasema Abdul-Latif.

Kidega akaandika moja kwa wino, taratibu, kama anaandika jina la mshitakiwa. Kisha akafika kwenye safu nyingine ya jedwali lake, maana alikuwa na safu kwa kila kitu. "Hapa kuna 'Namna silaha ilivyotumika.' Afande Abdul-Latif, wewe ndiye shahidi. Niandike nini?"

"Andika moshi," akasema Abdul-Latif.

"Moshi gani?"

"Moshi ya kuchoma. Mama anachoma, moshi inaingia zimwi kwa macho, anaumia moja."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Moshi umetoka wapi? Mimi nimemchoma na kalamu. Nimemdunga."

"Ndiyo, mama. Unachoma ya kalamu. Nyama."

"Kalamu ina nyama gani?"

Abdul-Latif akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Kalamu bira nyama ni kalamu gani sasa?"

Kakule akajaribu kusaidia. "Pengine ni kalamu ya namna ingine."

"Ni ya kula," akasema Abdul-Latif. "Kalamu ya kula."

"Ya kupiga kura?" Kakule akasogeza kiti nyuma. "Mimi mambo ya uchaguzi sitaki."

"Hapana, ssebo. Hiyo ni kula ingine. Hii ni kula ya mdomo." Alipoona hakuna anayemwelewa, akachukua chaki yake ya kupimia chuma na kuchora mezani, katikati ya mazimwi. Akachora duara kubwa. Akaweka kilima ndani yake. Akaweka paja la kuku juu ya kilima.

Lilikuwa sinia la pilau.

Hapo ndipo nilipoelewa, na damu ikanipanda hadi masikioni. Karamu. Yule mtu wa Katwe, ambaye ulimi wake haujui tofauti ya karamu na kalamu, aliandika kama alivyotamka. Na mimi, mjuzi wa Kiswahili, mjukuu wa babu yangu, nikasoma kama ilivyoandikwa. Miaka mitatu nimeingia mapangoni nimebeba karamu nzima ya amani, na nimekuwa nikiwadunga watu nayo.

"Na nilipokuwa nikisema nachoma," nikauliza polepole, "wewe ulikuwa unafikiri nini?"

"Unachoma nyama. Ya kalamu. Niriona ni maandarizi."

"Miaka mitatu?"

"Mimi nirisubiri, mama." Sasa alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. "Kira mala unachoma, unachoma, lakini hausemi ile neno. Kalamu haianzi kama mwenyewe hajasema kalibuni. Mimi nikasema kwa roho yangu, labda huyu mama ni mchoyo. Siwezi kumwambia mama wa watu agawe chakula yake."

Joska akaweka mkono mdomoni.

Nimeitwa mkali. Nimeitwa mdomo, na mtaa mzima ni shahidi. Lakini mchoyo wa chakula? Mimi? Kwetu mgeni akitoka hajala, nyumba nzima inalala na aibu. Mama yangu alikuwa akipika chungu cha ziada kwa ajili ya mtu ambaye hajulikani, na mtu huyo alikuwa anakuja. Kumbe miaka mitatu mimi nimesimama mbele ya mazimwi wenye njaa, nachoma nyama wakinusa, na simkaribishi hata mmoja. Niliona aibu kwa niaba ya ukoo wote.

"Kusema neno kunahesabiwa kama zamu?" nikauliza.

"Hapana. Kusema ni bule."

"Basi karibuni," nikasema. "Na mnawe mikono."

Abdul-Latif akafumba macho, kama afanyavyo hadithi ikimnogea. Akasimulia mikeka iliyojitandaza pangoni. Akasimulia pilau, na nyama niliyoichoma kwa miaka mitatu, ambayo kwa hesabu yake ilikuwa ng'ombe wanne na nusu, na gurusa, zile chapati laini za Kinubi, zinazochuruzika mchuzi. Akasimulia mazimwi thelathini wakiweka chini marungu na kuketi, yule mfupi wa mbele akiwa na macho mekundu kwa moshi, anauliza kama kuna pilipili. Kisha akaigeuza kadi yangu, upande ambao sikuwahi kuusoma, akasoma akitamka kila neno: yeyote aliyepo, adui au rafiki, anaacha silaha na kula, mpaka mwenyeji aseme yatosha.

"Sawa," akasema Kidega. "Zamu yangu. Kapteni Nyundo anapiga."

"Kapteni ana mfupa mkononi," akasema Abdul-Latif.

"Anapiga na mfupa."

"Anakula mfupa, afande."

Kidega akaandika sifuri. Joska akaandikiwa sifuri, maana Mama Radi alikuwa amemwomba zimwi mmoja amsogezee kachumbari. Kakule alisema Kivuli anaiba, na alipoulizwa anaiba nini akasema kipande cha kuku, na Abdul-Latif akaamua kwamba chakula cha kukaribishwa hakiibiki. Sifuri. Raundi ya pili ikaenda hivyo, na ya tatu. Kufika ya tano jedwali la Kidega lilikuwa na sifuri nyingi kama shanga, na juu yake, kwenye mstari wa tabibu, ile moja yangu imekaa peke yake.

Kidega ndiye wa kwanza kuona mambo yanakoelekea. Raundi ya tisa akaweka kalamu chini. "Mama Maimunah. Sema yatosha."

"Wageni bado wanakula."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hii ni raundi ya kumi inakuja."

"Raundi si siku."

"Acha nipige mara moja tu, mama." Sauti yake ilikuwa imepungua. "Moja tu."

Nilijua hiyo moja tu ingekuwa tisa. Nikisema yatosha, Kapteni Nyundo na wenzake wanasimama na kupiga, na Hajati Sindano anachanwa mbele yangu kwa kosa la kulisha watu. "Mtu hafukuzwi na tonge mkononi," nikasema. Abdul-Latif akatangaza mwisho wa raundi ya kumi.

Kidega akajumlisha, ingawa hakukuwa na cha kujumlisha. Kisha akasimama wima, kama yuko mbele ya mkubwa wake, na kusoma. "Tabibu, moja. Askari, sifuri. Mchawi, sifuri. Mwizi, sifuri. Wa mwisho ni watatu." Akafunga daftari. "Sheria ni sheria."

Joska na Kakule wakaanza kulalamika kwamba sheria hiyo haikuwa yao. Yeye hakulalamika. Alichomoa karatasi ya Kapteni Nyundo kutoka kwenye mfuko wa plastiki aliokuwa akiitunzia ndani yake, akaikunjua, na kuishika kwa vidole viwili vya kila mkono. Akaisoma tena toka juu hadi chini. Kwa dakika moja, nakiri, nilifurahi. Nilitaka aione ile hali niliyoketi nayo mimi tangu saa nane.

Dakika ikaisha, na furaha ikaniishia. Kitu hiki mimi nakijua, mtu akishika karatasi hivyo. Ni maumivu, na maumivu ndiyo kazi yangu.

"Abdul-Latif," nikasema, "natibu."

"Unatibu nani, mama? Hakuna mgonjwa. Hata yule wa moja amepona, anakunywa chai."

"Huyu hapa." Nikamwonyesha Kidega.

Abdul-Latif akafikiri, kisha akanisogezea dadu. Nikairusha. Sikumbuki ilitua kwenye ngapi, maana hakuna aliyeitazama. Nikanyoosha mkono, nikaichukua ile karatasi vidoleni mwa Koplo Kidega, nikaipigapiga vumbi, na kuirudisha kwenye plastiki yake. "Keti," nikamwambia. "Ugonjwa wa kustaafu umepona. Na ninyi wawili pia, acheni kelele."

Akaketi. Kisha akavuta daftari, akatafuta nafasi pembeni ya jedwali, akachora safu nyingine kwa mkono mtupu, imepinda, na juu yake akaandika: *Kutibu.*

"Hajati," akasema, bila kuinua kichwa, "Kapteni Nyundo umemrudisha kutoka kwa wafu mara ngapi?"

"Mara kumi na mbili, pamoja na ya leo."

Akaandika kumi na mbili, akaitazama kwa muda, kisha akauliza kama amebakiziwa pilau.