Koo la Punda wa Kikundi

Mkono wa Rashid ulikuwa umezama kooni mwa punda hadi karibu na kiwiko alipogundua kwamba humo hamna muhogo.

Alipapasa tena, jasho likimtoka. Hamna kitu. Koo lilikuwa limelegea, halikubana vidole hata kidogo, na udenda mzito ulimchuruzika mpaka kwapani. Punda alijaribu kulia ikatoka sauti ya kukwaruza, si sauti ya punda hata kidogo. Rashid aliuchomoa mkono haraka, na punda akageuka akajing'ata ubavuni, mahali alipokwisha kujinyofoa nyama.

"Umeupata?" aliuliza Ernesta, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama.

"Mama Mwenyekiti, huyu punda aliwahi kung'atwa na mbwa?"

"Aa, zamani hiyo, kabla ya Pasaka. Kambwa koko tu, kalimkwangua mdomo. Pakapona."

Rashid aliomba sabuni. Alinawa mara tatu, na katika kunawa akauona mchubuko wa kidole gumba alioupata asubuhi kwenye mnyororo wa pikipiki. Kichaa cha mbwa kikishapanda kichwani hakina dawa, si kwa punda, si kwa mtu, na pale kijijini Kitahana hakuna aliyelijua hilo vizuri kuliko yeye.

Huyu Rashid ndiye bwana mifugo aliyeletwa kutoka Tanga mwaka tisini na sita, kijana wa maneno mengi na viatu vinavyong'aa. Watu wa Kitahana hawakuzoea punda. Shirika moja lilikuja likawapa akina mama punda mmoja wa kusombea maji na kuni, kila nyumba na siku yake, na Rashid akapewa kazi ya kuwafundisha kumtunza. Siku ya semina alikunja shati akawaonyesha namna ya kuingiza mkono na kutoa muhogo uliomkwama mnyama kooni hadi akatoa udenda. Somo likapendeza, sifa zikamlewesha. Kuhusu kichaa cha mbwa hakusema hata neno moja.

Baada ya kunawa aliagiza punda afungwe, asiguswe na mtu, akaenda Kibondo kuomba redio ya upepo azungumze na hospitali ya Kasulu. Sauti ya daktari wa Kasulu ilikuja na kupotea.

"Sindano za kichaa cha mbwa zipo za watu wanne tu. Nyingine mpaka ziagizwe, sijui lini. Wewe njoo leo hii, usilale huko. Kuna wengine waliomgusa?"

"Sijui."

"Hujui?"

Rashid alirudisha redio. Kwenda Kasulu kulitaka kuwasha pikipiki na kuondoka, basi. Alikaa juu yake muda mrefu, ufunguo mkononi. Aliogopa kufa, na kuwauliza akina mama aliogopa zaidi. Mwishowe aligeuza kurudi Kitahana, akijilaani njia nzima.

Alikuta punda amekwisha kufa. Akina mama walikuwa wamejaa uani kwa Ernesta, wengine na majembe, wengine wakiendelea kumenya muhogo.

"Mwakeye, Bwana Mifugo!" walimsalimu.

Aliitikia kwa shida. "Akina mama, tangu punda aanze kutoa udenda, nani aliingiza mkono mdomoni mwake?"

Walitazamana, wakatabasamu. Walidhani wanapimwa kama somo liliwaingia. Dorcas, mjane wa nyumba ya jirani, alitangulia kunyoosha mkono.

"Mimi mara mbili! Tena nilikunja nguo vilevile ulivyotuonyesha."

Mwingine akanyoosha, na mwingine. Mikono ilipanda hadi ikafika tisa, ya Ernesta ikiwemo, yote ina nyufa na mikato ya visu vya muhogo, mmoja umefungwa kitambaa chenye damu. Waliinyoosha juu kabisa, wasije wakasahauliwa.

Rashid aliihesabu mara mbili.

"Mbona wewe huunyooshi wako?" Ernesta alimtania. "Si na wewe umeingiza leo, tumekuona!"

Rashid aliunyoosha. Wakampigia makofi.