Sharubu Zilizochungulia Kapuni

Mzee Shibnath anasema aliona kwa macho yake mawili, tena akiwa amevaa miwani. Jumamosi asubuhi, sokoni Gariahat, kesho yake ikiwa ndiyo mechi ya watani wa jadi, kocha wa klabu ya Padmapar alitokea upande wa wauza samaki na kapu mkononi, na kwenye kapu zimechungulia sharubu. Sharubu ndefu, za kamba. Wala si kamba mmoja wa kusingiziwa, bali kapu zima! Na muuzaji, anasema Shibnath, alimwinamia yule kocha Mhispania kama anayemwinamia mkwewe, naye akacheka na kumpigapiga begani.

Kufika adhuhuri habari ilikuwa imeshanenepa pale barazani kwa Shibnath. Kamba walikuwa zawadi kutoka Gangatir, wapinzani wa kesho. Kufika alasiri, katibu wa Gangatir mwenyewe ndiye aliyebeba kapu.

Mtu wa Padmapar hula ilishi, samaki wa mtoni mwenye miiba kama pakiti ya sindano. Timu ikishinda, bei ya ilishi haishikiki. Kamba ni wa Gangatir. Wiki ya mechi ya watani mtu wa Padmapar hamli wala hamtaji. Ikibidi sana, husema "yule mdudu" na kubadilisha maneno.

Minoti, mwenye nyumba alimopanga kocha, alikuwa juu ya paa akigeuza mifarishi yake ya pamba ya kujifunikia juani, maana baridi ilikuwa imekwisha na ilipaswa ikauke kabla ya kuwekwa. Shibnath akamwona, akapaaza sauti kutoka chini.

"Shemeji! Unafuga nyoka ghorofa ya pili!"

"Nyoka gani tena, Shibu? Juzi ulisema ni mkombozi."

"Juzi sikujua anakula nini! Kesho akifungwa, kamati inakaa jioni hiyohiyo. Afungashiwe virago aende zake!"

Minoti aliupiga mfarishi kwa fimbo mpaka vumbi likamwangukia Shibnath kichwani.

Tangu mumewe afariki na mwanawe ahamie Toronto, nyumba ile ilikuwa na sauti moja tu, ya pampu ya maji. Ndipo klabu ikampangishia Eladio Quiroga ghorofa ya pili. Alikuja na kofia ya sufu aliyoizoea Bolivia, akaivaa hata kwenye joto linaloyeyusha lami. Alikuja na tasbihi ya Kigiriki ambayo hakuisalia, aliichezesha tu vidoleni, tak tak tak, timu ilipozidiwa. Tashkent ilikuwa imemfundisha kunywa chai ya kijani bila maziwa, jambo ambalo Minoti alilichukulia kama tusi mpaka akamzoea. Kila nchi ilikuwa imembakizia kitu, ila hakuna iliyombakiza yeye. Jioni hushuka jikoni kwa Minoti, hupanga vijiko na bilauri mezani kuwa mabeki na washambuliaji, na Minoti humwambia bila woga kwamba kijiko cha kushoto kimechoka, kitolewe.

Kitu kimoja tu kilimkera Minoti. Pembeni ya kitanda cha Eladio lilisimama sanduku kubwa la bluu, limefungwa mikanda, na nguo alizitoa mojamoja kama anayeiba. Alimweleza sababu. Kule Bolivia alilifungua lote, akatundika mashati kabatini, na wiki hiyohiyo wakamtimua. Saiprasi vilevile. Tangu hapo hafungui.

Minoti alishuka haraka kutoka paani. Jikoni kwake alimkuta Eladio amefunga aproni, vitunguu saumu vimekatwa, na kamba wamepangwa kwenye sahani kwa mistari kama wanajeshi.

"Dada Minoti, usiingie! Bado!"

"Jamani, kaka Eladio. Umefanya nini?"

"Kwetu Galicia, mtu unayemheshimu sana unampikia hawa. Krismasi, harusi, hawa. Umenilisha tangu nije. Leo zamu yangu."

Minoti alivuta kigoda akakaa. Alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia, kikamtoa machozi.

"Bora ungeninunulia sumu ya panya!"

Alipomweleza, Eladio aliuweka mwiko chini polepole.

"Ilishi ni wetu, hilo najua. Lakini hakuna aliyeniambia hawa ni wa nani."

"Nani angekwambia? Hatuwataji!"

Eladio alitazama juu, kule liliko sanduku. "Basi," alisema. "Angalau sina cha kufungasha."

Neno hilo lilimchoma Minoti. Akataka kumjibu, lakini mlangoni pakaanza kugongwa. Watu wa barazani walikuwa wamejaa kizingitini, Shibnath mbele, bendera ya klabu begani.

"Shemeji, mtoe! Ajieleze!"

"Pika," Minoti alimnong'oneza Eladio. "Pika upesi, tena pilipili nyingi."

Akatoka akasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Mnataka nini?"

"Tunanusa! Anakula mdudu!"

"Ndiyo, anakula. Sasa niambie, Shibu, ukimpenda mtu, unamng'oa kichwa? Unamvua ganda? Unamkaanga kwenye mafuta ya moto?"

Shibnath alipepesa macho.

"Mwenzenu amemnunua adui sokoni kwa pesa yake," Minoti aliendelea, "amemleta nyumbani, anamkaanga akimtazama machoni. Nyie miaka yote mnamkimbia! Hata jina mnaliogopa. Ndiyo maana mnafungwa!"

Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Maneno hayo yana akili."

Eladio akatokea na kikaango kinachotoa moshi, hajui kilichosemwa, uso wake kama wa mtu anayesubiri hukumu. Minoti alimchukua kamba mmoja, akamng'oa kichwa mbele ya kadamnasi, akamtafuna. Hapo mikono ikaanza kunyooshwa. Watu waling'oa vichwa kwa hasira, wakitaja majina ya wachezaji wa Gangatir: "Huyu golikipa wao!" "Huyu yule beki mchafu!" Shibnath aliapa hagusi, babu yake, alipohamia nchi hii, alivuka mpaka na ilishi mkononi. Alichovya mkate tu kwenye rojo. Akachovya tena.

"Rojo si mdudu," alisema, mdomo umejaa.

Jumapili Padmapar walishinda bao moja kwa bila. Beki wa kushoto wa Gangatir alishindwa kugeuka, kama Eladio alivyosema tangu Jumatano kwa kutumia bilauri. Leo hii, ukimuuliza Shibnath, atakwambia yeye ndiye aliyempeleka kocha sokoni.

Jioni ile kamati ilikaa kweli, ikamwongezea kocha msimu mmoja zaidi. Saa hiyohiyo simu ya Eladio ililia kutoka Almaty: kuna timu, kuna nyumba, wanataka jibu mapema. Hakuwajibu hawa wala wale. Alishuka jikoni kama kawaida, akaketi. Minoti alimwekea kipande cha ilishi cha tumbo, ambacho siku ile kilikuwa na bei ya dhahabu, akamtazama akichambua miiba kwa subira ambayo mwaka jana hakuwa nayo.

Mifarishi ilikuwa imekunjwa juu ya kiti, bado ina joto la jua.

"Kaka Eladio."

"Naam, dada."

"Kabati langu limeingia mende. Mifarishi haina pa kulala." Alijifanya anafuta meza iliyokwisha kufutwa. "Lile sanduku lako ni kubwa, tena linafunga vizuri. Toa vitu vyako, uniazime. Mpaka baridi ijayo."

Eladio aliacha kutafuna. Mwiba ulikuwa umemshika kwenye ulimi. Aliutoa taratibu kwa vidole viwili, akaulaza ukingoni mwa sahani, kisha akainua macho akaitazama ile mifarishi. Mkono wake mwingine ulikuwa mfukoni, na tasbihi ikaanza, tak, tak, tak.